Shule yenye watoto wachache, kata yenye watoto wengi

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka mwanzoni mwa mwaka, wakazi wa Geita na Shinyanga hushika simu na kutafuta jina la shule ya kata yao. Juu ya ukurasa wa kila shule, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huweka jedwali dogo lenye mistari mitatu: F kwa wasichana, M kwa wavulana na T kwa jumla. Macho ya wengi hukimbilia safu ya daraja la kwanza, kisha safu ya sifuri. Wachache sana hujumlisha mstari wa F na wa M na kujiuliza: mbona kata nzima, yenye vijiji kadhaa na shule za msingi zilizofurika, imepeleka kwenye mtihani watoto wasiotosha kujaza chumba kimoja cha darasa?

Kwa miaka mingi NECTA ilipanga shule katika makundi mawili ilipotangaza ubora wa matokeo ya kidato cha nne: zenye watahiniwa 40 na zaidi, na zenye watahiniwa chini ya 40. Kitakwimu lilikuwa jambo la haki, kwa sababu wastani wa watoto 15 huyumba kwa urahisi kuliko wastani wa watoto 200. Lakini kundi hilo la chini ya 40 lilichanganya shule zisizofanana hata kidogo. Humo ilikaa seminari iliyochagua watoto 30 kati ya mamia walioomba, na humo humo ikakaa shule ya kata iliyobakiwa na watoto 30 kati ya wengi iliowapokea. Ya kwanza ni ndogo kwa kupenda. Ya pili imepunguzwa.

Hiyo ya pili ndiyo inayostahili kuzungumzwa kwa sauti katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga. Shule ndogo ya serikali isihukumiwe kwa idadi ya watoto iliyonayo. Ihesabiwe kwa watoto iliowapoteza, na ipewe fedha za kuiwezesha kuwafuata.

Kwanza, hakuna anayeweza kusema watoto hawapo. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Geita, uliokuwa na miezi michache tu tangu uanzishwe, ukiwa na watu 1,739,530. Sensa ya 2022 ikawahesabu 2,977,608. Huo ni ukuaji wa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 3.2. Shinyanga nayo ilipanda kutoka watu 1,534,808 hadi 2,241,299 katika kipindi hicho hicho. Mikoa hii miwili imeongeza karibu watu milioni 2 ndani ya miaka 10. Shule ya sekondari ikiwa tupu katikati ya ongezeko la namna hiyo, sababu haiwezi kuwa uhaba wa watoto.

Watu hao hawakutawanyika sawasawa. Wamefuata dhahabu, kama wazazi wao walivyoifuata. Mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni ulianza miaka ya 1930 na kufungwa 1966, na Mgodi wa Geita wa sasa (GGM) ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, katika eneo ambalo leo ni Halmashauri ya Msalala, ulifuata 2001, na Buzwagi, pembeni ya mji wa Kahama, 2009. Katikati ya migodi hiyo mikubwa yako machimbo ya wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na mengine ambayo huibuka kwa wiki chache, yakajaza maelfu ya watu chini ya mahema ya maturubai, kisha yakahama.

Shule haihami. Majengo yake hupangwa kwa idadi ya watu wa mwaka fulani, na rejista zake huandika watoto wa wazazi ambao kesho wanaweza kuwa wilaya nyingine. Buzwagi ni mfano wa wazi. Mgodi ule ulianza 2009 na kufungwa 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa na umri wa miaka 12 ulipofungwa, yaani umri ule ule wa kumaliza shule ya msingi na kuingia sekondari. Uhai wote wa mgodi ulikuwa mfupi kuliko safari ya mtoto mmoja hadi kidato cha nne.

Shule hizi zimetoka wapi? Tanganyika ilipopata uhuru 1961 ilikuwa na shule za sekondari 41 na wanafunzi 11,832, nchi nzima. Mabadiliko makubwa yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004, na hasa pale serikali ilipoamua kila kata iwe na sekondari yake. Mwaka 2005 wanafunzi wa sekondari walikuwa 524,325. Mwaka 2010 walifika 1,638,699. Wananchi walibeba mawe, mchanga na maji, wakachangishwa fedha, wengine wakauza mifugo. Shule zilizoinuka kwa nguvu hizo zilidharauliwa mapema na kupachikwa jina la yeboyebo, lakini ndizo zilizompa mtoto wa mkulima wa pamba wa Kishapu dawati la kidato cha kwanza.

Baadaye ukaja mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopata mkopo wa Dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Dunia mwaka 2020. Lengo lake mojawapo ni kujenga shule mpya za kata 1,000, ili mtoto asitembee mwendo mrefu. Shule ya aina hiyo huanza ikiwa ndogo, na si kosa lake: mwaka wa kwanza ina kidato cha kwanza tu, labda na wachache waliohamishwa kutoka kata jirani. Udogo huo ni wa uchanga, na miaka minne inautibu. Udogo mwingine hautibiwi na muda. Shule imefikisha miaka 10 au 15, kidato cha kwanza kinaanza na mikondo miwili, na kidato cha nne kinamaliza na wanafunzi wanaoenea kwenye madawati ya upande mmoja wa chumba.

Katikati hapo kuna watoto waliopotea, na kila kundi lina njia yake ya kutokea.

Wavulana hutokea machimboni. Uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch uliochapishwa 2013 ulifika kwenye machimbo 11 ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya na kuwahoji watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi humo. Walikuwemo wa umri wa miaka minane. Walichimba, walibeba viroba vya mawe, waliponda, waliosha udongo na kuchanganya dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu. Aliye karibu na duara la kuchimbia au karasha la kusagia mawe hahitaji ripoti kuyajua hayo. Kijana wa kidato cha pili anaweza kushika siku moja fedha ambazo mwalimu wake hawezi kumwahidi hata baada ya miaka minne ya masomo. Kitaifa wasichana sasa ni wengi kuliko wavulana katika kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwa hiyo, pale mstari wa M kwenye jedwali la NECTA unapokuwa mfupi sana, si busara kushangilia kwamba wasichana wamesonga mbele. Wavulana wameingia ardhini.

Wasichana hutokea kwa mlango wa ndoa na mimba. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 uliitaja Shinyanga kuwa ya kwanza nchini: asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Tangu hapo sheria zimesogea. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Mwaka 2021 Waraka wa Elimu Namba 2 ukafungua mlango kwa mwanafunzi aliyekatiza masomo, akiwemo aliyejifungua, arudi darasani.

Sheria hizo ni nzuri, ila ng'ombe wa mahari hutoka zizini usiku, na kesi nyingi za namna hii hufia nyumbani kwa wazee wa pande mbili. Shule inabaki na jina ambalo mwalimu wa darasa analiita kila asubuhi bila kuitikiwa, hadi anapoandika mbele yake neno moja: mtoro. Neno hilo linamfunika aliyeozeshwa, aliye machimboni, aliyehama na wazazi, aliyeugua na aliyeshindwa kununua sare. Ndilo neno ghali kuliko yote katika rejista za ukanda huu, kwa sababu likishaandikwa hakuna anayeuliza tena.

Kundi la tatu ni la watoto wa mbali. Kata za Sukumani ni pana, nyumba ziko mbalimbali katikati ya mashamba na malisho, na shule ya kata inaweza kuwa kilomita nyingi kutoka kitongoji cha mwisho. Wazazi humpangia mtoto chumba karibu na shule, yale yanayoitwa mageto. Binti wa miaka 15 anajipikia, anajilinda na kujilipia kodi kwenye mji mdogo wa wachimbaji wenye vibanda vya pombe vinavyokesha. Januari, shule zinapofunguliwa, mvua zimeshika na mikono yote inatakiwa shambani. Wengine wametoka kwenye shule ya msingi ambako hata mwalimu alilazimika kufafanua kwa Kisukuma, na sasa masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Anayeanguka kwenye upimaji wa kidato cha pili hutakiwa kukariri mwaka, na wengi hawarudi.

Wapo pia ambao hawakuwahi kuandikwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoikumba Kanda ya Ziwa kuanzia 2007, yakihusishwa na imani za kishirikina za kutafuta utajiri, watoto waliondolewa vijijini mwao na kupelekwa Buhangija, Shinyanga, kwa usalama wao. Walindwe wapi ni swali lililojibiwa kwa haraka ya kuokoa maisha. Shule za kata zao za asili zilibaki bila wao.

Sasa fedha. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shule ya sekondari ya kutwa hulipwa kwa kichwa. Kwa viwango vya mpango huo kila mwanafunzi ana Sh20,000 za kufidia ada na ruzuku ya uendeshaji ya Sh25,000, ambayo nusu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Zinazofika shuleni ni Sh32,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 1,000 hupata Sh32.5 milioni. Yenye wanafunzi 120 hupata Sh3.9 milioni, yaani Sh325,000 kwa mwezi.

Kwa Sh325,000 mkuu wa shule anatakiwa kulipa mlinzi, umeme na maji, kununua chaki, karatasi za mitihani na kemikali za maabara, na kulipa nauli ya kwenda halmashauri. Mlinzi hapunguzi mshahara kwa sababu wanafunzi ni wachache. Bati lililoezuliwa na upepo lina bei ile ile. Kila mtoto anayeenda machimboni anaondoka na Sh32,500 za shule, na shule iliyopungukiwa fedha inapungukiwa pia na uwezo wa kumtafuta. Mwalimu wa malezi hana nauli ya bodaboda ya kufika kitongojini. Kwa mfumo huu shule inaadhibiwa kwa kupoteza mtoto, kisha inanyimwa njia ya kumrudisha.

Uwiano wa walimu nao hudanganya. Shule ya wanafunzi 120 na walimu 8 ina mwalimu mmoja kwa wanafunzi 15, na kwenye taarifa ya wilaya inaonekana imebarikiwa. Lakini kidato cha kwanza chenye watoto 20 kinahitaji mwalimu wa fizikia kama kinavyomhitaji kidato cha kwanza chenye watoto 200. Shule ndogo yenye walimu wanne wa historia na Kiswahili, bila hata mmoja wa hisabati, ina uhaba mkubwa, hata kama jedwali linasema ina ziada.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba shule za namna hii ziunganishwe. Kodi ya wananchi haitoshi, maabara moja nzuri ni bora kuliko maabara tatu tupu, na walimu wa sayansi wangepangwa mahali pamoja. Mjini Kahama au Geita, ambako shule mbili zinaweza kutenganishwa na barabara moja, hoja hiyo isikilizwe. Kijijini ina kasoro moja kubwa: shule ilipelekwa kwenye kata kwa sababu umbali uliwatoa watoto masomoni. Kuiunganisha na ya kata jirani ni kumrejesha binti kwenye geto ambalo shule hiyo ilijengwa ili asiliingie.

Dawa ya gharama za shule ndogo inajulikana kwingine. Mfumo wa Uingereza wa kugawa fedha za shule huipa kila shule kitita kisichotegemea idadi ya wanafunzi, kisha huongeza fedha kwa shule ndogo zilizo mbali na nyingine. Tanzania yenyewe imeshakubali kanuni hiyo kwa upande mmoja: posho ya madaraka ya mkuu wa sekondari, Sh250,000 kwa mwezi, hailipwi kwa kuhesabu vichwa. Kilichobaki ni kuipanua kanuni hiyo hadi kwenye ruzuku ya uendeshaji, ili kila shule ya kata iwe na kiwango cha chini kinachoifanya iweze kufunguliwa na kulindwa, na juu yake ndipo zije fedha za idadi ya wanafunzi.

Ukanda wa dhahabu una chanzo cha ziada ambacho mikoa mingi haina. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanaitaka kampuni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na masoko, vitu vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi. Halmashauri za Geita, Msalala na jirani zao zinaweza kuamua kwamba sehemu yake ijenge hosteli za wasichana kwenye shule zinazopoteza watoto wengi zaidi, na ilipie chakula cha mchana. Mvulana anayekula shuleni ana sababu moja pungufu ya kwenda kubeba viroba saa saba mchana.

Kuwahesabu waliopotea pia si jambo lisilowezekana. Soko la dhahabu la Geita, la kwanza nchini, lilizinduliwa Machi 2019, na tangu hapo mchimbaji anayeuza humo hupimiwa mzigo wake kwa gramu na kukatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ukanda unaoweza kufuatilia gramu ya dhahabu unaweza kumfuatilia mtoto pia: upande wa elimu, NECTA ina mfumo wa PREM unaompa kila mwanafunzi namba yake tangu shule ya msingi, namba inayotumika anapohama. Aliyeondoka Mwakitolyo na kuonekana Lwamgasa anaweza kufahamika kwa dakika chache. Asiyeonekana popote ndiye wa kutafutwa.

Kwa hiyo neno mtoro lifutwe kwenye rejista kama sababu. Mahali pake kiandikwe kilichotokea: machimboni, ameolewa, amejifungua, amehama, mgonjwa, hajulikani. Ofisa elimu kata na mtendaji wa kata wasaini orodha hiyo kila mwisho wa muhula, na mkutano mkuu wa kijiji usomewe idadi, bila majina. Binti aliyejifungua aelezwe kuhusu waraka wa 2021 kabla muda haujampita, na asiyeweza kukaa tena darasani na wadogo zake aelekezwe kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo kupitia SEQUIP inawapokea wasichana waliokatiza masomo.

Muda wa kufanya hayo ni mfupi. Kwa sera ya elimu iliyohuishwa 2023, elimu ya lazima ni miaka 10, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule ya kata yenye watoto 30 katika kidato cha nne itapokea mamia kwa mkupuo, na vyumba vinavyoonekana leo kuwa vya ziada vitagombewa. Majina ya watoto hao yamo tayari kwenye rejista za shule za msingi za Nyarugusu, Kakola na Kishapu, na kila moja lina namba yake ya PREM.